Ngoma ya Mashati ya Maua

Baiskeli ilikuwa imeshakipita kinu cha pamba. Pelagia amekaa nyuma na furushi lake, kaka yake Luhaga anaisukuma kuelekea kwao Dutwa, na mumewe Mahona anawafuata kwa miguu, shati la maua bado mwilini.

"Mama Kwandu, shuka tuongee."

"Mwambie aloha, shemeji," Luhaga akasema. "Labda atashuka."

Mahona alikuwa mkubwa wa ngoma. Nyimbo alitunga mkewe, yeye akaimba, na msimu wa mavuno, ngoma ziliposhindana, watu waliwaacha wapinzani wa Dutwa wakajaa upande wake. Halafu likaja soko huria, na mitumba ikamwagika Bariadi. Katika robota moja akakuta mashati yameandikwa Aloha, Hula, Ukulele. Kila mwenye ngoma hutafuta samba, ile dawa ya kuvuta watu. Mahona akaona yake ndiyo hiyo. Nani Dutwa ana Kiingereza? Akaziweka pembeni nyimbo za mkewe.

Mwalimu Amoni alimwonya. "Si Kiingereza hicho, mzee. Ni maneno ya watu wa visiwa vya Hawaii. Aloha ni salamu yao ya upendo, hula ngoma yao, ukulele kigitaa chao. Waingereza wameazima tu."

"Basi ni dawa ya mbali zaidi," Mahona akajibu.

Siku ya kwanza watu walikuja, wakacheka. Ya pili walihamia kwa wapinzani, wakamwacha na kelele zake na vumbi.

"Baba Kwandu," Pelagia akasema bila kugeuka, "hata Waingereza walipotaka neno la ngoma waliazima kwa wachezaji. Wewe mtunzi ulilala naye nyumba moja, ukaenda kuokota maneno kwenye shati."

Mahona akaona hana la kumrudisha ila wimbo wa mkewe mwenyewe, ule wa palizi. Akauanza. Mstari wa pili ukamtoka kabisa.

Luhaga akaumalizia, hata hakuhema. Watu wa Dutwa walikuwa wameshaujifunza.

Pelagia akafuta macho kwa kanga. "Sukuma, kaka."

Pelagia alitungia kundi la Dutwa mpaka sauti ilipokauka. Luhaga alifia Maswa. Mwalimu Amoni alihamishwa. Kwandu, binti yao, aliolewa Zagayu, anaimba kwaya. Kundi la Mahona lilisambaratika. Yeye akawa mlinzi kinuni. Shati likachakaa, akafutia baiskeli. Mstari wa pili hakuukumbuka.