Zamu ya Shamba la Evaristo

Udongo wa kaburi la Evaristo ulikuwa haujakauka, mdogo wake Ponciano akapanda basi kutoka mjini kuja kudai shamba.

Nemesia alikuwa amelilima shamba lile na babake, Evaristo, tangu mikono yake ilipojua kushika kiazi. Baba alivunja ardhi kwa jembe la kukanyagwa kwa mguu, naye akafuata nyuma akigeuza mabonge. Sasa baba mdogo alikuwa amesimama mbele ya mkutano wa kijiji na kofia mpya kichwani.

"Binti ni wa kuolewa," alisema. "Leo yuko hapa, kesho kwa watu. Ardhi ya ukoo aipeleke kwa wakwe?"

Wengi waliitikia kwa vichwa. Hasira ilimpanda Nemesia hadi kooni, akaimeza. Hasira hailimi.

"Ba'mdogo, karibu nyumbani. Lichukue shamba, na zamu yake."

"Zamu gani tena?"

Wazee wakacheka chini chini. Katika nyanda zile kila shamba lina zamu: ikifika, mwenye shamba huongoza kijiji mwaka mzima, akiamua ugomvi wa mipaka na kulisha watu kwenye sherehe. Zamu ya shamba la Evaristo ilikuwa inaanza siku ile. Mji ulikuwa umemsahaulisha Ponciano.

"Mwaka mzima? Na duka langu je?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, ba'mdogo. Au unaogopa kofia itaanguka?"

Mkutano ukaangua kicheko. "Wewe utaiweza?" Ponciano alifoka.

"Nitaiweza."

Gumercindo, kiongozi aliyekuwa anamaliza mwaka wake, akainua mkono. "Mwanangu, moyo unao. Lakini uongozi wetu ni wa wawili, mume na mke. Wewe huna mume. Nani atavaa mjeledi wa uongozi begani?"

Ponciano akaanza kutabasamu.

Ndipo mamake, Saturnina, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu mazishi, akainuka na magoti yake mabovu. Akauvua mjeledi begani mwa Gumercindo, akauvaa juu ya shali lake jeusi.

"Zamu ni ya mume wangu, naishika mimi," alisema. "Mahali pa mke atasimama binti yangu. Mwenye neno aseme."

Gumercindo akampisha. Saturnina akamgeukia Ponciano.

"Na wewe, shemeji, kiongozi wa hapa husalimiwa kofia ikiwa mkononi."

Ponciano akaivua.