Sanduku Lenye Muhuri

“Slasha wanataka ya aina gani?” Kimutai aliuliza, nyundo ikiwa imesimama hewani. “Ile imepinda ama ile imenyooka?”

Chesang alishusha barua magotini. Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mbele ya kibanda cha babake pale Kitale. Tangu asubuhi alikuwa ameisoma barua ile kwa sauti mara tatu: mara moja kwa baba, mara moja kwa Hiram wa viatu kibanda cha pili, na mara moja kwa mteja aliyekuja kuzibiwa sufuria na ambaye hakuwa ameuliza kitu.

“Hakuna slasha, Baba. Wanataka picha nne za pasipoti, vyeti, na fomu ya daktari.”

“Na jembe?”

“Hakuna jembe.”

“Wamesahau kuandika,” Kimutai alisema, na nyundo ikashuka. “Shule gani haina nyasi?”

Kwa miaka ishirini na miwili Kimutai alikuwa akitengeneza masanduku ya bati. Kila Januari, watoto wa fomu wani wa Trans-Nzoia na wa kule mlimani walifika shuleni wakiburuta kazi ya mikono yake, na kelele ya kazi hiyo iliamsha mabweni mazima. Hakujua kusoma, lakini orodha ya fomu wani aliijua kwa masikio, kwa sababu kila mzazi aliisoma mbele yake akilalamika: blanketi, beseni, sahani, slasha ya kufyekea nyasi, jembe. Angeweza kuikariri akiwa usingizini, na Jepkemboi, mkewe, aliapa kwamba huwa anaikariri.

Kitu kingine alichokijua ni nasaha moja. Kila alipomkabidhi mtoto sanduku, alilifungua, akalifunga, kisha akasema, “Kifuniko ukishike kwa mkono. Ukikiachilia, kitakukata vidole.” Alisema hivyo kwa mtoto wa chifu na kwa mtoto yatima. Hakuwa na nasaha nyingine na hakuna aliyewahi kumdai nyingine.

Majina juu ya masanduku yaliandikwa na Chesang. Alianza akiwa darasa la sita, kwa rangi nyeupe na burashi iliyonyolewa ikabaki na nywele chache. Mkono wake ulikuwa na adabu kuliko wa karani yeyote wa mjini. Alipomaliza fomu foo, mwaka wa themanini na tisa, aliambiwa asubiri barua ya chuo kikuu. Akasubiri mwaka. Akasubiri wa pili. Katika miaka hiyo miwili aliandika majina ya watoto wa watu waliokuwa wakienda, yeye mwenyewe akiwa haendi popote, mpaka Hiram akaanza kumwita Stesheni Masta.

Sasa barua ilikuwa imekuja, na Kimutai alifanya kitu pekee alichokuwa anakijua.

Alinunua bati jipya, lile ambalo halijawahi kuwa debe la mafuta wala paa la mtu. Pembe alizikunja mara mbili. Bawaba aliweka tatu badala ya mbili. Ndani, upande wa kulia, alipigilia mfuko mrefu mwembamba wa bati wa kuchomeka slasha, na slasha yenyewe akaifua kwa chuma cha springi ya gari, akainoa mpaka ikawa inanyoa nywele za mkono. Akapaka sanduku rangi ya buluu. Halafu, siku ambayo Chesang alikuwa hospitalini na fomu yake ya daktari, alichukua barua, akaiegemeza kwenye mkebe wa misumari, akatoa ulimi nje kidogo, na kwa mara ya kwanza maishani akaandika jina la mtu.

Alinakili herufi moja moja, kama mtu anayechora mifupa ya samaki. Alipomaliza jina la bintiye akaona kazi bado haijaiva, maana chini ya barua kulikuwa na muhuri. Akachovya kidole kwenye rangi nyekundu na kuuchora pia, mkubwa kama sahani, na ile tarehe katikati.

“Baba,” Chesang alisema aliporudi. Alitazama kifuniko kwa muda mrefu. “Na muhuri?”

“Kitu bila muhuri nani ataamini?”

Chesang akacheka mpaka akajifuta macho, akasema ni kizuri, na siku hiyo alikuwa akimaanisha.

Jumapili kukawa na maombi ya kumuaga Chesang. Watu walijaa uani, chai ikapikwa kwa sufuria la kanisa, na sanduku likawekwa mbele, karibu na meza ya mchungaji, kama jeneza lililofurahi. Kila mtu alikuwa na nasaha. Ajabu ni kwamba katika uwanja mzima hakuna aliyewahi kukanyaga chuo kikuu, na hilo halikumzuia hata mmoja.

Mchungaji alisema asome Biblia kabla ya vitabu vingine. Naibu wa chifu alisema asitupe mawe. Akiona wenzake wameshika mawe aingie chumbani na kufunga mlango, na ikiwezekana alale chini ya kitanda. Mama Nyaruai, jirani, alisema asile mayai ya watu asiowajua. Mwalimu mmoja mstaafu aliongea kwa robo saa kuhusu kalamu. Jepkemboi alisimama kumwambia mwanawe ajifunike kifua usiku, akaketi kabla hajamaliza, na wanawake wakaimba ili kumfichia machozi.

Ndipo akaja Zachary. Zachary alikuwa mtoto wa mwalimu mkuu mmoja wa Naitiri, yuko mwaka wa pili chuoni, na alikuwa ameombwa asafiri na Chesang ili asipotee. Alivaa koti la jinzi kwenye jua kali, begi la kijivu begani, na hakuna aliyethubutu kumwambia alivue.

“Sasa, Chesang. Wazee, hamjambo,” alianza, na watu wakanyamaza kama redio imesema taarifa. “Mimi nitasema kidogo tu. Moja, siku ya kwanza usiulize mtu njia. Ukiuliza, wanajua wewe ni mgeni. Unatafuta maktaba, wanakuelekeza chooni. Mbili, ukiona laini ya watu, ingia kwanza. Utauliza baadaye ni laini ya nini. Tatu, hiyo barua usiishike kwa mkono kama tiketi. Weka mfukoni, tembea kama mtu amechoka na hiyo chuo.”

Watu walicheka. Mwalimu mstaafu alitoa kalamu akaandika. Kisha Zachary akageuka, na macho yake yakatua pale mbele.

“Na hii ni ya nani?”

“Ni yangu,” Chesang alisema.

“Aa!” Zachary aliinama, akasoma, akaugusa muhuri kwa kidole. “Mzee, hii ni kazi safi, haki ya Mungu. Lakini chuo, bana, watu hawaendi na sanduku. Watu wanabeba begi. Mwaka wetu kuna jamaa alikuja na sanduku kutoka huku kwetu. Mpaka leo anaitwa Fomu Wani. Jina lake, hata mimi sijui. Nadhani hata lekchara hajui.”

Uwanja ulilipuka. Hiram alijipiga paja, Mama Nyaruai akamwaga chai. Kimutai pia alicheka, kwa sauti kuliko wote, ila alianza nyuma kidogo ya wengine.

“Hii kijana inapenda mchezo,” alisema.

Mchungaji akampa nafasi ya mwisho, nasaha za baba. Kimutai alisimama, akashika kofia mbele ya tumbo. Aliwatazama watu. Aliitafuta ndani ya kichwa, kama mtu anayetafuta msumari wa saizi fulani kwenye mkebe, na kila alichokigusa kilikuwa kimepinda.

“Mimi,” alisema, “nitasema stesheni.”

Treni ya Nairobi ilipandiwa Bungoma, jioni. Jumatatu Kimutai na bintiye wakateremka huko na sanduku, wakalala kwa Cherop, dada yake Kimutai, aliyeolewa Kabuchai lakini akapanga nyumba ya vyumba viwili mjini, nyuma ya reli. Usiku Chesang hakuongea sana. Aliulizwa kama ana njaa, akasema hapana. Aliulizwa kama anaogopa, akasema hapana vilevile, kwa sauti ileile.

Jumanne asubuhi Kimutai alitoka kwenda sokoni kumtafutia kufuli. Aliipata upesi kuliko alivyotarajia. Aliporudi alipitia nyuma ya nyumba, na dirisha la chumba cha ndani lilikuwa wazi.

Sanduku lilikuwa limefunguliwa kitandani. Chesang alikuwa akitoa nguo moja moja na kuzipanga kwenye begi la kitambaa la kijivu. Kimutai alilijua begi hilo. Alikuwa ameliona begani kwa Zachary siku ya maombi.

“Utamwambia nini baba yako?” Cherop aliuliza.

“Sijui, shangazi.”

“Ubebe tu. Sanduku ni sanduku.”

“Wataniita Fomu Wani miaka minne.” Chesang alikuwa ameshika blanketi kifuani. “Na ni nzuri, shangazi. Si ati ni mbaya. Angetengeneza mbaya ningemwambia.”

Kimutai alirudi kinyumenyume kama mtu aliyekosea mlango wa choo. Akatembea mpaka relini, akatazama mataruma, akatembea tena mpaka sokoni, akauliza bei za vitu ambavyo hakuvihitaji. Saa sita alirudi kwa njia ya mbele, akikohoa tangu kwenye kona, kikohozi kikubwa cha mtu anayetaka asikike hadi Webuye.

Begi lilikuwa limefichwa. Sanduku lilikuwa limefungwa. Chesang alipokea kufuli kwa mikono miwili, akaingia nayo chumbani peke yake, na alipotoka ufunguo ulikuwa umening'inia shingoni kwa uzi, kama wanavyovaa watoto wote wa fomu wani.

“Nitabeba mwenyewe,” Kimutai alisema jioni ilipofika.

Alijua kabla hajaliinua. Mtu aliyeinua maelfu ya masanduku, matupu na yaliyojaa, hahitaji mizani. Lilipanda begani kama kofia. Akapiga mguno, akapinda magoti, akayumba hatua mbili upande.

“Kwani umeweka mawe, mama?”

Chesang hakucheka. Cherop aligeuka kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Stesheni ilikuwa imejaa magunia, kuku na watu wa kuaga watu. Zachary alikuwa tayari amesimama chini ya saa. Lile begi la kijivu lilikuwa begani mwake, limefura kuliko Jumapili, na alipomwona Kimutai akiyumba na sanduku tupu alifungua mdomo, kisha akaufunga. Kijana alikuwa na mzaha, lakini hakuwa mjinga.

Treni ikaja.

“Baba,” Chesang alisema. “Hiyo sanduku…”

“Naona treni imejaa,” Kimutai alisema haraka, akitazama behewa lililokuwa mbele yao, ambalo madirisha yake matatu hayakuwa na mtu. “Watakusumbua nayo bure. Wacha ibaki kwanza. Nitaitafutia njia ije nyuma.”

“Itakuja nyuma?”

“Eeh. Si itakuja.”

Chesang alitazama madirisha yale matatu. Kisha akamtazama babake, aliyekuwa bado anahema kwa mzigo ambao haukuwepo. Akaushika ufunguo shingoni.

“Ulisema utaniambia kitu stesheni.”

“Ndio.”

Filimbi ikalia. Kimutai aliweka sanduku chini taratibu, kana kwamba ni zito. Aliwaza mayai ya watu asiowajua, mawe, kalamu, laini ya watu. Yote yalikuwa yameshasemwa, na yeye hakujua hata moja kama ni kweli. Bintiye akapanda ngazi ya kwanza, akageuka, akashika chuma cha mlango.

“Kifuniko,” Kimutai alisema, “ukishike kwa mkono.” Behewa likajivuta. Akatembea nalo. “Ukikiachilia, kitakukata vidole.”

“Nitakishika, Baba.”

“Kwa mkono.”

“Nitakishika!”

Halafu palibaki reli, na mwanamke mmoja akifukuza kuku wake.

Asubuhi Kimutai aliamshwa na sauti aliyoijua, chuma cha springi ya gari kikipita kwenye nyasi. Alichungulia. Mume wa Cherop alikuwa akifyeka uani, anafurahi kama mtoto.

“Inakata?” Kimutai aliuliza.

“Shemeji, hii inanyoa!”

Akarudi Kitale. Jepkemboi alitazama sanduku, akamtazama mumewe. “Treni ilijaa,” Kimutai alisema, na Jepkemboi akaenda kuweka chai.

Ni wakati wa kulipandisha kwenye rafu ya juu ya kibanda ndipo lilipoinama upande, na ndani kitu kikateleza. Kimutai akasimama. Akaliinamisha upande wa pili. Kikarudi. Si chuma, chuma angekijua. Si kiatu wala beseni. Ni kitu chepesi, bapa, kama bahasha, kilichoachwa peke yake mle ndani na mtu aliyeondoka na ufunguo shingoni.

Wiki zikapita. Redio ya Hiram ilisema wanafunzi wamegoma. Siku ya pili ikasema hawajagoma. Siku ya tatu ikacheza nyimbo za kanisa tangu asubuhi mpaka jioni.

“Si upige simu?” Hiram alisema.

“Nipige wapi?” Kimutai aliuliza, na Hiram akarudi kwenye viatu vyake, kwa sababu naye hakujua.

Januari wazazi walikuja na orodha zao. Mmoja wao, baba wa mtoto mnene aliyekuwa akila muwa, alinyoosha kidole juu. “Fundi, ile ya buluu yenye muhuri. Hiyo ndio nataka.”

“Hiyo iko na mwenyewe.”

“Na mwenyewe ako wapi?”

Kimutai alitazama rafu. Alipanda juu ya ndoo, akalishusha sanduku, akalifuta vumbi kwa kiwiko. Kufuli ile ilikuwa ya bei rahisi; nyundo ingeimaliza kwa pigo moja, na nyundo ilikuwa palepale mkononi. Mtoto aliacha kutafuna ili aone.

Kimutai aliiweka nyundo chini. Akaliinua sanduku hadi sikioni, akaliinamisha polepole, na kitu kile kikateleza, kikagonga ukuta wa mbali, kikanyamaza.