Mwendo wa Karatasi Nzito

Kila jioni, Alute anapoingiza ndani ubao wa steshenari yake pale Mandewa, mkewe Redempta, aliyezikwa Ihanja, hufika na kukaa kwenye benchi la wateja. Alute humsogezea kikombe cha chai. Redempta hanywi, ila hukishika kwa mikono miwili kama alivyozoea, na chai ikishapoa Alute huimwaga nje. Shida haikuwa kufika kwake. Shida ilikuwa kwamba haonekani vizuri, na hilo lilikuwa kosa la mashine ya kuchapia.

Mashine ya Alute ina miendo miwili. Ukiiambia karatasi ni ya kawaida, inakimbia. Karatasi inapita kwenye joto haraka haraka, wino wa unga hauwahi kuyeyuka sawasawa, na picha inatoka imefifia, tena ukiipitishia kidole wino unabaki kidoleni. Ukiiambia karatasi ni nzito, inajikokota, wino unaiva mpaka unang'aa, na picha inatoka nyeusi tii. Kwa barua ya kuomba kazi hayo ni mambo madogo. Kwa ratiba ya mazishi si madogo hata kidogo, maana marehemu wa mji ule hurudi vile vile walivyochapwa.

Nathanaeli, fundi baiskeli, aliwahi kuja kulalamika. Ratiba ya baba yake ilitolewa kwenye karatasi nzito, na sasa mzee akija jioni ni giza tupu, wanamjua kwa kukohoa.

"Watoto hawamwogopi," alisema Nathanaeli. "Ila tunamkanyaga."

Alute alimwomba radhi na kumwahidi kwamba ataishughulikia mashine. Wakati huo hakujua aanzie wapi.

Redempta yeye alichapwa kwa ule mwendo wa haraka. Alifariki hospitali alfajiri, na baba mkubwa Leonard, ambaye ndiye msemaji wa ukoo, akaamua azikwe siku hiyo hiyo, kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha na watu walitaka kupanda alizeti. Mama yake Redempta, Dorika, alikuwa ndani ya basi kutoka Ulemo, na basi lilikuwa limeharibika Misigiri. Alute aliomba wamngoje.

"Yuko njiani," alisema baba mkubwa. "Lakini hatuwezi kuwaweka watu wote hapa kwa ajili ya mtu mmoja. Wewe toa ratiba, gari limeshawashwa."

Akasimama mlangoni mwa duka, funguo mkononi. Alute akachagua karatasi ya kawaida, mashine ikakimbia, na ratiba zikatoka zikiwa na uso wa Redempta uliopauka. Dorika alipofika Ihanja alikuta watu wananawa udongo wa kaburi mikononi.

Basi Redempta akawa anakuja hivyo hivyo, amepauka, ukuta wa nyuma ukionekana kupitia bega lake. Alute akimgusa mkono, vidole vyake vinabaki na unga wa kijivu. Na midomo yake ilikuwa inacheza. Kila jioni alisema neno, neno lile lile, lakini sauti nayo ilichapwa kwa haraka, haikusikika. Alute aliamini kwamba neno hilo ni la kwake. Mtu anayekula peke yake, anayelala peke yake, anayezungumza na mashine mchana kutwa, lazima aamini kitu cha namna hiyo. Alilitaka neno hilo kuliko kitu chochote duniani.

Akajaribu kumchapa upya kwa mwendo wa karatasi nzito. Jioni iliyofuata Redempta aliingia mweusi kama sufuria ya matangani, hana macho, hana mdomo, na sauti yake ikawa mvumo mzito kama wa redio iliyoishiwa betri. Alute alifunga duka akalia. Yule aliyefifia angalau alikuwa na macho.

Kiangazi chote akaishikilia ile kazi. Aliupunguzia mwendo wa polepole joto, akauongezea ule wa haraka. Akagundua kwamba asubuhi, upepo wa baridi ukivuma, mashine hutoa picha dhaifu kuliko adhuhuri, na kwamba vumbi la Mandewa hupenda kuingia humo kuliko linavyopenda kuingia machoni. Kila alipobadilisha kitu alitoa picha ile ile, Redempta kavaa sare ya kwaya, mara moja kwa kila mwendo, kisha akazilaza mbili hizo mlangoni penye mwanga na kumwita Kuluthumu, fundi cherehani wa chumba cha jirani.

"Huyu anaumwa," alikuwa akisema Kuluthumu. "Na huyu ameungua."

Alute anarudi kwenye mashine. Siku ikafika Kuluthumu akazitazama picha zote mbili, akazigeuza, akauliza ipi ni ipi. Alute mwenyewe alikuwa hajui tena.

Jioni ile Redempta aliingia akiwa kamili. Mwanya kwenye meno, kidoti kando ya pua, kola ya sare haikupigwa pasi vizuri. Alute alimsogezea chai, akakaa mbele yake.

"Haya, mke wangu. Sema."

"Mama amefika?" akauliza Redempta.

Ilimuuma, tusidanganyane. Kumbe muda wote ule neno halikuwa lake. Akaangalia sakafu.

"Bado," akasema.

Kesho yake akapiga simu Ulemo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," aliitikia Dorika.

"Redempta anauliza kama umefika."

Upande wa pili Dorika alisikika akifukuza kuku.

"Anaonekana vizuri?"

"Sasa hivi vizuri, mama. Hata kidoti."

"Nitakuja," alisema Dorika. "Lakini huko kwenu mnasema nilichelewa. Waseme hawakunisubiri. Siku wakisema hivyo napanda gari."

"Mimi nasema, mama. Hatukukusubiri."

"Wewe ulikuwa kwenye mashine, baba. Waseme walioshika majembe."

Alute akaenda Ihanja. Alimkuta baba mkubwa Leonard anaanika alizeti kwenye turubai, akamwamkia, akamweleza yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Redempta hajambo?" akauliza.

"Hajambo, baba."

"Msalimie sana." Akazigeuza alizeti kwa mguu. "Lakini yule mama alichelewa. Basi liliharibika, kila mtu anajua."

Alimpa Alute dumu la mafuta, akamsindikiza mpaka barabarani, akangoja naye mpaka gari likapatikana.

Jioni Redempta alikuja, akashika kikombe chake.

"Mama amefika?"

Alute alikuwa amepanga kumweleza. Njia nzima alikuwa akiyapanga maneno.

"Yuko njiani," akasema.

Redempta akatikisa kichwa kukubali. Akalisogeza benchi kidogo ili aione barabara.

Siku hizi kazi za Alute zinasifiwa, haraka au polepole ni mamoja. Baba yake Nathanaeli alichapwa upya na hakanyagwi tena. Wateja wa jioni wakiingia humsalimia Redempta, naye huitikia kwa sauti ya kawaida. Ila mtu akitaka kukaa kwenye ile nafasi iliyobaki kando yake, humzuia kwa kiganja, kwa adabu.

"Samahani, hapo atakaa mama," husema. "Namsubiri."

Mteja husimama, na Alute huendelea kumtolea kopi zake.