Pearl Ukutani

Kila baada ya saa moja, Otis alikuja na ndoo, akapiga deki chini ya picha ya mwanamke anayelia, maana machozi yalidondoka kweli. Hilo lilikuwa jumba la kuuzia picha, Manhattan, mwaka wa 1964, na sakafu yake ya mbao haikupenda maji.

Jumanne akaingia Hyman Brodkin, mchoraji wa vitabu vya katuni, mgane aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita, kofia mkononi. Kabla hajaitazama vizuri ile picha, alisikia harufu ya kitunguu. Akajua ni Pearl.

Zamani, Pearl alikuwa akikata vitunguu jikoni, machozi yanamchuruzika, na Hyman anangojewa na kampuni apeleke ukurasa wa hadithi ya mapenzi. Alimwambia mkewe asijifute. Akamchora hivyo hivyo, kichwa kidogo kama kibiriti. Kampuni haikuandika majina ya wachoraji, naye hakuuliza. Sasa Pearl alikuwa mrefu kama mlango, nukta nyekundu zimemjaa usoni kama mwenye surua, na pembeni yake jina la msanii mwingine aliyeunakili ukurasa ule.

Hyman aliposogea, machozi yakakatika. Otis akakagua sakafu.

"Mzee, unamjua huyu?"

"Mke wangu."

"Basi na kesho uje. Mgongo wangu umechoka kuinama."

Akaja wiki mbili mfululizo. Alimpa mkewe habari za nyumbani: bomba linalovuja, jirani aliyehama. Pearl alikuwa na kiputo cha maneno juu ya kichwa, lakini kilikwisha kujaa maneno ya hadithi. Jibu halikuwa na pa kukaa.

Siku moja akamkuta msanii mwenyewe, mtu wa adabu zake. Hyman akaomba jambo moja tu, jina la Pearl liandikwe pale pembeni. Msanii alimsikiliza hadi mwisho.

"Wewe ulichora katuni, mzee wangu. Mimi nimechora picha."

Otis akasema kitendawili. Hakuna aliyesema tega, akajitegea mwenyewe huku anakamua dekio: "Nimezaa mimi, hongera kapewa jirani."

Kesho yake Bibi Lorraine, mwenye jumba, akamkaribisha Hyman kahawa. Alimweleza kwamba mnunuzi amekuja mara mbili, na mara zote mbili amekuta mwanamke mkavu.

"Ukija ananyamaza, Bwana Brodkin. Na mnunuzi amenunua mwanamke anayelia."

Hyman akamaliza kahawa yake, akavaa kofia.

Ijumaa wachukuzi wanne wakaitoa picha nje. Machozi yalimwagika njiani. Wapita njia wakafungua miavuli, wakaendelea na safari zao. Ng'ambo ya barabara Hyman alikuwa amejibanza nyuma ya gari la maziwa, pumzi ameibana, Pearl asije akamwona akanyamaza, mali ya watu ikaharibika.