Mpaka Maji Yatoke Meupe

Jumapili ile Usumani hakugusa cherehani. Aliondoa vitambaa vya watu juu ya meza ya kukatia, akaipangusa, kisha akapanga vitu ambavyo pale Biryogo hakuna fundi mwingine wa nguo anavyo: birika la umeme, vikombe vidogo vya kauri visivyojaza hata mafunda mawili, na kibakuli chenye kifuniko cha kulowekea majani ya chai. Vyote vilitoka Guangzhou, kwa mkewe Mahoro. Na leo Mahoro mwenyewe alikuwa anakuja.

Dada yake mkubwa, Mukeshimana, alikuwa jikoni, mlango ameuacha wazi ili lisimpite neno.

"Atalala hapa, ama atarudi kule Sonatubes kwa rafiki yake?" akauliza.

"Atalala."

"Amesema?"

"Hajasema."

"Basi wewe iko unaota. Tangu juzi ametua, mwanamke mwenye nyumba yake analala kwa rafiki!"

"Ana shughuli za duka, dada. Niache kidogo."

Mukeshimana akaguna, akarudi kwenye sufuria yake.

Mahoro aliondoka na wafanyabiashara wa mtaa wa Muhima kwenda kufuata viatu. Alikwenda kwa safari moja, ikazaa nyingine, mwisho akabaki kulekule akiwatafutia wenzake mizigo. Akajifunza lugha ya watu, akaachana na viatu, akaingia kwenye majani ya chai. Mwanzoni alikuwa anarudi kila Idi. Halafu nauli ikawa kubwa, halafu kazi ikawa nyingi, halafu ikabaki simu. Mtoto hawakujaliwa. Kilichobaki kati yao kilikuwa chai.

Na mtu asicheke. Kila Ijumaa baada ya sala Usumani aliegemeza simu kwenye cherehani, na kule Mahoro, usiku umeshaingia, akaegemeza yake ukutani. Kila mmoja analoweka majani yaleyale, yeye huku, yeye kule, kisha wanaonja na kubishana. Mahoro alikuwa upande wa oolong, chai nyepesi yenye harufu. Usumani alikuwa upande wa pu'er, chai nzito inayowekwa ikomae. Hakuwa na maneno ya wataalamu, akatumia ya kwake.

"Hiyo oolong yako ni hariri," alikuwa akimwambia. "Inateleza, inang'aa, mpaka mtu anataka kuishika. Lakini ukiifua mara tatu, kwisha. Pu'er ni kaki. Siku ya kwanza inakukwaruza shingo. Kadiri unavyoifua ndivyo inavyokuzoea."

"Fundi, wewe kila kitu unakipima kwa futi ya nguo," Mahoro angejibu, na kicheko chake kingekuja kimekatikakatika kwa ubovu wa mtandao. Alimwita fundi tangu siku ile alipokuja kwake kushonesha gauni, akalirudisha mara nne eti mkono haujakaa sawa, na mkono ulikuwa umekaa sawa tangu mwanzo.

Majirani walisema Usumani ameingiliwa na kitu, anaongea na vikombe. Yeye aliwaacha waseme. Wengine wana ndoa za kitanda kimoja na hawasemezani wiki nzima.

Kisha zikaja habari kwamba Mahoro amekodi chumba Kacyiru, jirani na maofisi, afungue nyumba ya kuonjesha chai za Kichina. Usumani aliposikia Kacyiru alihesabu kwamba mke amerudi. Kutoka Kacyiru hadi Biryogo ni moto moja tu, pikipiki ya kukodi. Hakuuliza kitu kwenye simu. Alisema atauliza ana kwa ana, leo, na jibu analijua.

Mahoro alifika mchana, amepungua mwili, mtandio wa kijivu, mfuko wa karatasi mkononi. Wakashikana mikono, wakakumbatiana kwa bega la kulia na la kushoto, kama watu walioonana msikitini. Usumani akajiambia ni aibu tu ya siku nyingi.

"Umezeeka vizuri, fundi."

"Wewe umekonda vibaya. Kule hawali?"

"Wanakula kuliko sisi. Kaa, tufanye kazi. Nimekuja na chai nne, oolong mbili na pu'er mbili, na duka litaanza na mbili tu. Ulimi wako nauamini kuliko wangu."

Kusikia hivyo Usumani alijaa kifua kama kijana.

Mahoro ndiye aliyeanza kumimina, kwa mikono iliyozoea. Oolong ya kwanza ilikuwa vijipira vya kijani vilivyokunjwa kama ngumi za mtoto mchanga. Maji yalipovigusa vikaanza kufunguka, jani kwa jani, na chumba kikajaa harufu ya maua na maziwa mabichi. Ya pili ilikuwa nyeusi, majani marefu yaliyopindwa, yaliyopitishwa juu ya makaa. Hiyo ilinuka mahindi ya kuchoma, na nyuma yake kitu kama jiwe lililonyeshewa mvua.

Usumani akaivuta kwa sauti, kama alivyofundishwa, hewa iingie na chai. "Hii ya makaa. Ile ya kijani ni nzuri, lakini ni ya watu wa harusi. Wanasifu, wanaondoka. Watu wa ofisini wanataka kitu chenye mgongo."

"Nilijua utasema hivyo. Mimi nilikuwa nimechagua ya kijani."

"Basi usingeniuliza."

"Nakuuliza ili nibishane na mtu," Mahoro akasema, na wote wawili wakacheka.

Wakayatia majani yaleyale maji mengine, wakanywa mara ya pili, ya tatu. Ya nne ile ya kijani ikawa inanukia kwa mbali tu, kama nguo ya mtu aliyekwisha toka.

Hapo Mukeshimana akaingia na chupa ya chai kwapani na kikombe chake kikubwa mkononi, kimefika nusu. "Weee, mtashiba lini na hivyo vikombe vya wanasesere? Wifi, shika, hii ndiyo chai. Nimeikata kwenye ile keki nyeusi ya kabatini, nikaweka maziwa, tangawizi, sukari. Imechemka vizuri rwose."

Usumani akasimama. "Keki ipi?"

"Hiyo iliyofungwa na karatasi yenye maandishi ya kuku. Si chai? Ama ilikuwa ya kuangalia?"

Ilikuwa pu'er ya kupikwa, iliyoshindiliwa kama keki, ambayo Mahoro aliituma mwaka wake wa kwanza kule, ambayo Usumani alikuwa akiitunza mbali na pilipili na sabuni ili ikomae. Mahoro akajimiminia, akaonja, akafumba macho. Mabega yakaanza kumtikisika, kumbe anacheka, anacheka mpaka machozi.

"Mana yanjye! Wifi, kule wangekufunga jela."

"Ikoje?" Mukeshimana akauliza.

"Tamu! Ndiyo balaa lenyewe, ni tamu!"

Usumani naye akaonja. Ile harufu ya udongo na ghala la zamani ilikuwa imejificha chini ya maziwa, na tangawizi imeikalia juu. Akacheka na yeye. Kwa kitambo kile nyumba ilikuwa na watu wake wote, na Usumani akaona saa ya kuuliza imefika. Atamimina kikombe kimoja cha ile aipendayo, kisha aulize.

Akachukua moja ya zile pu'er mbili alizokuja nazo Mahoro, keki mbichi isiyopikwa, ngumu kama kigae. Akaibandua kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, taratibu, majani yasivunjike. Akayamwagia maji ya moto, na yale ya kwanza akayamwaga, maana pu'er huoshwa kwanza. Akatia mengine, akahesabu moyoni, akamimina. Akampa Mahoro kikombe kwa mikono miwili.

Mahoro akakipokea. Hakunywa.

Usumani akadhani kina moto. Akangoja. Mahoro naye alikuwa anangoja, kikombe kimekaa viganjani, macho hayako kwenye kikombe chake bali kwenye kile cha Usumani.

Mukeshimana ndiye aliyeelewa kwanza. Akaweka kikombe chake chini polepole.

Katika nchi hii mwenye nyumba akimpa mgeni kinywaji hukionja kwanza yeye, mbele ya macho ya mgeni, ajue hakina sumu wala kinyongo. Ni heshima, nayo ina watu wake. Huonjewa mgeni, huonjewa mkwe, huonjewa mtu aliyepita njia. Mke haonjewi na mumewe. Mke ndiye huonjea wengine, maana mtungi ni wake. Na Mahoro hakuwa anafanya makusudi. Hilo ndilo lililomkata Usumani maini. Alikuwa ameketi pale kwa adabu, kama mtu aliyekuja kutembea, na mwili wake wenyewe umemwambia asubiri.

Usumani akainua kikombe chake, akaonja. Ndipo Mahoro akanywa.

"Tangu lini nikakuonjea, Mahoro?"

Mahoro akatazama kikombe kama amekiona sasa hivi. Rangi ikamtoka usoni.

"Sikujua kama nimefanya hivyo."

"Najua hukujua."

Nje pikipiki ikapita, watoto wakapiga kelele.

"Sikuja kukaa," Mahoro akasema. "Duka litashikwa na Kamikazi, mtoto wa yule rafiki yangu. Mimi narudi. Nilitaka kukwambia mwisho, baada ya chai. Nimekuja uniache, fundi."

"Kuna mtu?"

"Hakuna mtu. Wallahi hakuna. Angekuwapo ingekuwa rahisi, ungenitukana tukamaliza." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nina chumba changu kule. Nikiamka najua kikombe kiko wapi. Juzi niliposhuka uwanjani nilitafuta moyoni nyumbani ni wapi, nikaona ni kule. Wewe uko kwenye simu yangu, siku ya Ijumaa. Nikikukuta hapa, mzima, na mikono yako, sijui nikuweke wapi. Na wewe unazeeka unanisubiri. Hiyo ni dhambi yangu, siiwezi tena."

"Mimi nilikwambia nimechoka kusubiri?"

"Hujasema. Wewe hutasema mpaka wakuzike."

Mukeshimana akapiga magoti kati yao. "Usumani, ndakwinginze, usiseme neno! Omba siku. Wifi, umechoka na safari wewe, lala kwanza, kesho iko siku."

Usumani alikuwa anatazama kibakuli. Sauti ilimtoka kavu, ya fundi anayepanga siku ya kuchukua suruali.

"Hii hatujaimaliza. Tuinywe mpaka maji yatoke meupe. Yakitoka meupe, nitasema unachotaka."

Mahoro akaitikia kwa kichwa.

Basi wakanywa. Pu'er si chai ya haraka. Ya kwanza ilikuwa chungu kama ntoryi changa, ile nyanya chungu, ikabana ulimi, halafu polepole utamu ukapanda kutoka kooni, utamu ambao hukuuonja wakati wa kumeza. Iliyofuata ikalainika. Iliyofuata ikawa na rangi ya asali. Mukeshimana alihesabu shanga za tasbihi bila kusoma kitu. Wao wawili waliongea mambo madogo: lile gauni, mvua iliyong'oa mabati, fulani amefariki, fulani ameoa tena. Kila Usumani alipomimina aliinua kikombe kwenye mwanga wa dirisha, akaona bado kuna rangi, akapumua. Alianza kuiacha kwenye maji kwa muda mrefu zaidi. Alimpenda huyu mwanamke, na hakuwa na kitu kingine cha kumzuilia isipokuwa majani.

Rangi ikazidi kupauka. Adhana ya alasiri ikalia. Mahoro akainuka kwenda kutawadha uani.

Usumani akabaki na kibakuli. Mkono ukachukua shazia. Akabandua kipande kidogo, si kikubwa kuliko ukucha, akakidumbukiza chini ya majani ya zamani, akafunika. Dada yake aliona. Akageuza uso ukutani.

Mahoro akarudi, uso una maji. Wakaswali, kila mmoja upande wake. Kisha akaketi, akapokea kikombe, akanywa funda moja.

Akanywa la pili.

"Umeongeza majani."

Usumani akafunika kibakuli.

"Fundi. Umeongeza."

"Kidogo tu," Usumani akasema.

Mahoro akaanza kulia, kilio kisicho na sauti, kikombe bado mkononi. Kama angekasirika Usumani angepata pa kushika. Hakukasirika. Alikinywa kikombe kile mpaka tone la mwisho, chungu chake na utamu wake, akakiweka mezani. Kisha akamsogezea Usumani birika.

Usumani akaelewa kwamba angeweza kuongeza mpaka keki iishe, na Mahoro angekunywa zote, kwa huruma. Siku nzima, na kesho. Hakutaka kunyweshewa huruma nyumbani kwake.

Akazima birika.

"Mahoro," akasema, "nimekuacha. Talaka moja. Dada yangu ni shahidi. Makaratasi ya serikali tutayafuata."

Mukeshimana akapiga yowe, akaziba mdomo kwa kanga.

Mahoro akainama. "Aksanti," akasema, neno ambalo halikufaa, na hakuna aliyejua ambalo lingefaa. Alitaka kuosha vikombe. Usumani akamwambia aache. Akamfungia mfuko wake wa karatasi na chai zilizobaki.

"Weka ile ya makaa dukani," akamwambia mlangoni. "Na hii mbichi. Usiwape ya kijani, watakuzoea vibaya."

"Nitaweka."

Alipanda moto pale kwenye kona, akavaa kofia ngumu juu ya mtandio, akaondoka kuelekea mjini. Usumani hakusubiri apotelee. Aliingia ndani, akarudisha vitambaa vya watu juu ya meza, akaketi kwenye cherehani.

Mukeshimana akamfuata. "Ni moja tu, Usumani! Iko eda bado. Unaweza kumrejea kabla haijaisha. Mpigie Ijumaa, yewe, unanisikia? Mpigie Ijumaa kama kawaida."

"Ijumaa nina suruali za watu," Usumani akasema, akaanza kukanyaga.