Wendreda Yakataa Kumezwa

Vita Kuu vilipokwisha, Chuo cha Mtakatifu Wendreda pale Cambridge kilibaki na wanafunzi wasiojaza hata benchi moja. Paa lilivuja, na karne tano za sifa hazikuziba tundu hata moja. Chuo kikubwa cha jirani kikaleta ujumbe: tuungane. Maana yake, tuwameze.

Mkuu wa chuo, Dakta Tuddenham, alikuwa hoi. "Ansley na Rusbridge wakikataa kwa sauti moja, nami nakataa," alisema. "La sivyo, natia saini."

Tatizo ni kwamba Ansley, mwalimu wa Kigiriki, na Rusbridge, mwalimu wa hesabu, walikuwa hawajasemezana tangu kabla ya vita, Rusbridge alipoukata mpea, mti wa matunda uliokuwa mbele ya dirisha la Ansley. Walikula meza moja kila jioni, kila mtu akitazama sahani yake.

Ansley alikipenda chuo kile kufa. Aliingia akiwa kijana, mtoto wa muuza samaki, na hakuwahi kuwa na kwao kwingine. Lakini kumwangukia Rusbridge? Hata kidogo!

Jioni moja mjumbe wa chuo cha jirani akaalikwa chakula. Akauangalia ukumbi juu hadi chini.

"Pazuri," akasema. "Patatufaa kuwekea baiskeli."

Rusbridge akaweka uma chini. "Bwana, sisi tulikuwa tukifundisha watu wakati kwenu ni kinamasi cha vyura. Na kwa makelele ninayoyasikia, vyura hawajahama."

Ansley akapaliwa na mvinyo kwa kicheko. "Umempata, Rusbridge!"

Meza nzima ikamgeukia.

"Umenisemesha?" Rusbridge akauliza.

"Nimekusemesha. Na kura yangu ni hapana."

"Yangu pia hapana. Ila ule mpea ulikuwa umeoza."

"Haukuoza!"

"Mpaka kiini!"

"Gombaneni, mabwana," Tuddenham akasema, machozi yakimlengalenga. "Gombaneni tu!"

Mjumbe akaondoka bila kungoja jibini la kumalizia chakula.

Vuli ile vijana wakarudi kutoka vitani, wengine kwa magongo. Vyumba vikavu vilikuwa vichache. Ansley akamwachia chake cha chini kijana aliyepoteza mguu, akabeba vitabu vyake hadi chumbani kwa Rusbridge, wakae pamoja.

"Humu dirisha linafungwa," Rusbridge alimwambia mlangoni.

"Sasa linafunguliwa," Ansley akajibu, akaingia.