Kichwa cha Mtihani

Kila Jumatano Mama Nduku humruhusu dada yangu Kasiva aache kufagia nywele katika saluni yake pale Tawa, aende chuo cha ufundi kujifunza kuzishughulikia zikiwa bado kichwani. Jumatano hii ilikuwa ya mtihani wa kuweka dawa ya kulainisha nywele. Mama Nduku alikuwa ametangaza, bila kutabasamu, kwamba atakayefeli asirudi kwake.

Kila mwanagenzi alitakiwa kuja na kichwa chenye nywele. Nzisa, rafiki yake aliyeahidi chake, akaenda kusukwa kwingine. Taifa likanigeukia mimi. Shuleni kwetu, shule ya bweni, tunanyolewa hadi ubongo uone jua, lakini tangu tumzike baba sijarudi shule, wala hakuna aliyenikumbusha kinyozi.

"Kasiva, hizo ni nywele ama vumbi la barabara?" aliuliza msichana wa meza ya pili.

"Ni nywele. Zako ndizo za dukani."

Nikakaa kwa heshima zote za mgeni rasmi. Kasiva alinipaka dawa kuanzia kisogoni, akaninong'oneza sheria ya saluni zote za huku: "Ikianza kuchoma, sema."

Saa ya ukutani haitazamwi na mtu. Mteja akilia, anaoshwa. Vichwa vya wenzangu vikaanza kulia kimoja kimoja, "Woi, inachoma!", vikakimbizwa kwenye sinki. Mimi nilisubiri kama mzee wa kanisa anayesubiri sadaka. Hakuna kilichonifikia. Siku hizi vitu vingi havinifikii: chai, nyimbo, hata pole za watu.

Mtahini, Mwalimu Kalunde, alipita. "Huyu bado?"

Kasiva alinitazama usoni, kisha akainua taulo shingoni mwangu.

"Simama. Twende sinki."

"Mteja hajalalamika," mwalimu alisema. "Ukimwosha mapema hazitalainika, na utafeli."

"Huyu halalamiki, Mwalimu. Hata kaburini alisimama tu akihesabu vifungo vya mchungaji."

Ni kweli. Kimoja kilikosekana.

Aliniosha. Mwalimu akainama, akagusa ngozi iliyoanza kuvimba lakini haijachubuka, akavuta unywele mmoja. Ukanyooka.

"Umepita. Ungechelewa kidogo ungekuwa na mgonjwa."

Kasiva aliketi sakafuni akalia kwa sauti, mbele ya wasichana wote. Nilimpa taulo langu, lililokuwa limelowa, kisha nikarudi kitini kungoja kichwa kianze kuchoma.